DiRT Rally 2.0 ilinitoa jasho mpaka nilipoanza kuicheza kwa masikio

Naandika hii kwa wale walioinunua DiRT Rally 2.0, gemu ya mashindano ya rally, kipindi cha ofa, wakaicheza jioni mbili tatu, wakaifuta kwa hasira. Nawaelewa kabisa. Hii gemu haimkaribishi mtu. Hakuna ule mstari wa rangi barabarani wa kukuonyesha ukanyage breki wapi, hakuna kitufe cha kurudisha nyuma sekunde chache ukiharibu kona, na kwenye rally hakuna magari mengine pembeni yako kwamba utajitetea eti ulisukumwa. Upo peke yako na navigeta wako, yule anayekaa pembeni yako akikusomea kona zinazokuja, kwenye njia ya changarawe inayotosha gari moja, mti huku, korongo kule, saa inakimbia. Ukitumbukia nje unarudishwa barabarani lakini unaongezewa sekunde, na ukigonga vibaya gari imekufa na rally imeisha hapo hapo.

Mimi nimetokea kwenye zile gemu za kukimbizana mjini usiku, unaingia kona na 180, unavuta hendibreki, gari inateleza vizuri kama kwenye sinema, unatoka upande wa pili unaongeza spidi. Nikaingia huku na akili ile ile, nikachagua Lancia Delta S4 kwa sababu ya jina. Wanaofuatilia rally wanaijua hiyo gari, ndiyo waliyofia Henri Toivonen na navigeta wake Sergio Cresto kule Corsica Mei 1986, na baada ya hapo magari ya Group B, lile kundi la magari ya rally yenye nguvu kupita kiasi, yakapigwa marufuku mwaka ulipoisha. Ina tabo na supachaja kwa pamoja, vifaa viwili vya kuisukumia injini hewa ili iongeze nguvu. Kwenye changarawe za New Zealand ukiikanyaga mafuta kidogo tu nguvu zinakuja zote kwa mkupuo, na kabla hujajua umefanya nini unaangalia ulikotoka.

Sasa ugumu wenyewe uko wapi hasa, maana watu wengi wanasema tu "fizikia ngumu" wanaishia hapo. Fizikia ni ngumu ndiyo, ila kuna gemu za magari ya saketi, yaani njia ya kuzunguka, zenye fizikia ngumu vile vile na mtu anazimudu. Tofauti ni kwamba saketi unaikariri. Monza ya Italia ina kona 11, unazunguka zile zile mpaka mwili unazijua, hata ukiamshwa usiku wa manane unajua pa kukanyaga breki. Rally haikupi hiyo nafasi. Kuna steji, yaani kipande cha njia kinachopimwa muda, New Zealand ya kilomita 16 na kona zimefuatana tu, moja inaishia kwenye nyingine, nusu yake huzioni mpaka umeshafika kwa sababu zipo nyuma ya kilima au zimefichwa na miti. Madereva wenyewe wa mashindano ya dunia wanaruhusiwa kuipita steji mara mbili tu kwa mwendo wa taratibu kabla ya mashindano, wakiandika noti za kila kona, halafu siku yenyewe wanaendesha kwa kusomewa zile noti. Kwenye gemu hata hizo mara mbili huna, unakabidhiwa noti zilizoandikwa tayari na unaambiwa twende.

Kwa hiyo gemu yote iko kwenye sauti ya yule navigeta. Na siyo sauti ya mtu wa kubahatisha, ni Phil Mills, Mwelsi aliyekuwa anamsomea Petter Solberg noti mwaka aliochukua ubingwa wa dunia, 2003. Anakutajia upande na namba ya kona kuanzia moja mpaka sita, moja ni kali sana, sita karibu inyooke, halafu zipo zile za kugeuka nyuma kabisa na za pembe mraba ambazo zina majina yake. Juu ya hapo anakuongezea umbali kwa mita, kama kona inabana au inafunguka, kama kuna kilima, kama kuna mruko, na kama usikate kwa ndani. Yote haya kwa pumzi moja, na anakutajia kona inayokuja wewe ukiwa bado katikati ya kona iliyopo.

Hapo ndipo nilipokuwa nakwama. Macho yalikuwa yanafanya kazi ya masikio. Nilikuwa naona kona ndiyo naanza kuamua, na ukisubiri uone umeshachelewa, gari imeshabeba spidi ambayo changarawe haiwezi kuikamata. Mpwa wangu alikuwa anakaa nyuma kwenye kochi na simu yake, hajawahi hata kushika usukani, na yeye ndiye akazielewa zile namba kabla yangu. Unamsikia tu, "Mjomba, kasema mbili! Kasema mbili!" na mimi nipo na gia ya nne naelekea kwenye miti. Nikimwambia anyamaze ananijibu, "Basi msikilize huyo mzungu, mimi ntanyamaza." Akarudi kwenye simu yake kama hakuna kilichotokea.

Nilichofanya ni kuingia kwenye setingi nikamweka navigeta aseme mapema zaidi kuliko kawaida, halafu nikazima vile vialama vya kona vinavyotokea juu ya skrini. Hii ya kuzima alama watu watabisha, ila kwangu ilikuwa dawa, kwa sababu alama zikiwepo macho yanazifuata na masikio yanalala. Baada ya hapo nikawa naendesha taratibu mno, makusudi, nusu ya uwezo wa gari, lengo langu likiwa moja tu, kila namba anayotaja nijue ni gia ngapi. Moja gia ya kwanza, mbili na tatu gia ya pili, nne gia ya tatu, tano na sita unaangalia hali ilivyo. Inabadilika kutokana na gari na barabara lakini kwa kuanzia inatosha. Ilifika mahali nasikia "tatu inabana" na mkono umeshashusha gia kabla sijawaza chochote.

Jambo la pili ni gari. Achana na Group B kabisa mwanzoni, achana na haya ya kisasa ya R5 pia ingawa hayo yana huruma kidogo. Chukua Lancia Fulvia au Mini Cooper, vile vigari vya miaka ya 60 vinavyovutwa na matairi ya mbele. Vina nguvu ndogo, unakanyaga mafuta mpaka mwisho na bado unapata muda wa kufikiri. Watu wanavidharau lakini vinakufundisha kitu ambacho gari kubwa linakificha, yaani uzito. Ukikanyaga breki uzito wa gari unakuja mbele, matairi ya mbele yanashindiliwa chini na kupata mshiko, nyuma inakuwa nyepesi. Hapo ndipo gari inapokubali kugeuka. Ukikanyaga mafuta uzito unarudi nyuma, mbele kunaelea, utazungusha usukani utakavyo na gari inaendelea na safari yake ya moja kwa moja mpaka mtaroni. Kwa hiyo kona kali unaigeuza na breki kwanza, usukani unafuata, na mafuta ndiyo ya kuitoa. Kwenye Fulvia nilikuwa naachia mafuta kidogo tu katikati ya kona namba nne nasikia makalio ya gari yanahama taratibu kuelekea nje, nakanyaga tena yanatulia. Siku nilipoisikia hiyo vizuri nilicheka mwenyewe chumbani.

Halafu kuna ile ya kuitupa gari upande wa pili kwanza, kona ni ya kulia wewe unaanza kugeuza kushoto kidogo, unaachia, uzito unayumba na kurudi, gari inaingia kona yenyewe ikiwa imeshakaa ubavu. Wafini na Waswidi ndio walioifanya maarufu. Nzuri sana ukiipatia. Ukikosa umeegesha gari kwa kinyumenyume.

Kuhusu vifaa sitaongea sana. Nilianza na padi ya Xbox na inawezekana kabisa kumaliza rally nayo, kuna watu onlaini wana padi na wananiacha mbali. Baadaye nikapata usukani wa mtumba wa Logitech kwa jamaa aliyekuwa anahama. Shida kubwa haikuwa usukani bali pedeli, sakafu yangu ni ya marumaru na kila nikikanyaga breki kwa nguvu pedeli zinakimbia mbele chini ya meza na mimi nazifuata na kiti. Nikazitandikia kipande cha mpira wa tairi chini, nyuma nikaweka matofali mawili mpaka ukutani, ikaisha. Na kingine ambacho sikukitarajia, mengi ya yale magari dereva anakaa kushoto, na sisi tumezoea kukaa kulia, kwa hiyo ukitumia kamera ya ndani unakuwa unakosea makadirio, upande wa kulia wa gari unaisha mbali kuliko unavyodhani. Argentina ilinifundisha hilo vizuri sana. Kule njia ni nyembamba na ndani ya kona kuna mawe yamekaa kimya yanakusubiri, navigeta akisema usikate ana maana yake. Jiwe moja tu tairi imepasuka, unabaki na uamuzi, usimame ubadilishe upoteze muda au uburuze hivyo hivyo mpaka mwisho gari ikivuta upande.

Na uharibifu hauishi steji inapoisha, hapa ndipo gemu inapogeuka kuwa rally kweli. Ukipiga radieta injini inachemka na nguvu zinapungua taratibu. Ukivunja taa mchana unaona siyo kitu, halafu steji inayofuata ni ya usiku na huna taa, unaendesha gizani kwa sauti ya Phil Mills tu. Mafundi wana muda wenye kikomo, huwezi kutengeneza kila kitu, inabidi uchague, na ukizidisha muda unalimwa adhabu. Pia barabara yenyewe inachakaa, ukianza nyuma ya wengine unakuta wameshachimba mifereji na gari inafuata mifereji badala ya usukani. Ndiyo maana nikaacha kabisa kutafuta ushindi. Nikawa nashindana na kitu kimoja tu, kumaliza rally nzima bila kutoka nje hata mara moja. Ajabu yake ni kwamba nilipoacha kukimbia ndipo nafasi zikaanza kupanda, maana kona moja ya kupinduka inakula muda wote ulioiba kwenye kona nyingine thelathini.

Rally ya kwanza kuimaliza safi ilikuwa New Zealand hiyo hiyo na Fulvia. Sikushinda, nilikuwa katikati ya msimamo huko, ila steji ya mwisho mikono ilikuwa inatoka jasho mpaka usukani unateleza na mpwa wangu ameweka simu chini kabisa. Baada ya hapo Sweden ikawa nyepesi kuliko nilivyoogopa, kwa sababu matairi yana misumari yanauma barafu na zile kuta za theluji pembeni unaweza kuziegemea kidogo gari ikatulia, japo ukiziegemea kwa pua zinakumeza. Finland bado naiheshimu. Kule ni spidi na miruko, ukiruka usukani ukiwa umekunjwa unatua umekunjwa, na baada ya kutua kuna kona imeshatajwa ulipokuwa hewani.

Kuna watakaoniambia hii bado ni laini, nikacheze Richard Burns Rally. Nimeijaribu. Ni ya 2004 na mpaka leo kuna watu duniani wanaiongezea magari na steji, na wengi wanaamini haijapitwa kwa uhalisia. Imepewa jina la Muingereza aliyekuwa bingwa wa dunia 2001, na kwetu huku jina lake si geni, Safari Rally aliishinda 1998 na 2000. Hiyo inakuanzia kwenye shule ya udereva na shule yenyewe inakufelisha. Nitairudia nikipata moyo.

Na kwa wapenzi wa Safari, kwenye DiRT Rally 2.0 haipo, ipo kwenye EA Sports WRC ya 2023, ile ya Naivasha tangu iliporudi kwenye ubingwa wa dunia 2021. Ni nzuri, vumbi lipo na mvua ikinyesha matope yapo, ila mtu aliyesimuliwa Safari ya zamani, iliyoanza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye barabara zilizo wazi, ambayo baadaye madereva wakawa na helikopta juu za kuwaonya kuhusu ng'ombe na malori, atatamani siku moja mtu aitengeneze ile.

Sasa hivi nimehamia Ford Escort Mk II, ya kusukumwa na matairi ya nyuma, na nimerudi kuwa mwanafunzi. Kwenye changarawe tumeshaanza kuelewana, naingia kona na ubavu, natoka na ubavu, raha tupu. Kinachonishinda ni lami ya Spain ikiwa imelowa, nikitoka kona namba mbili na gia ya pili nyuma inakata ghafla hata nikikanyaga mafuta kwa kidole gumba cha mguu. Nimelegeza springi za nyuma, nimepeleka breki mbele kidogo, kuna unafuu ila siyo ninaoutaka, nahisi tatizo liko kwenye difu, ile inayogawa nguvu kwa matairi, na hapo sijui nianzie kukaza au kulegeza. Mwenye setingi zake za Escort kwenye lami yenye maji azimwage hapa, nitazijaribu leo leo usiku.