Mungu Asiyeitika

Wiki nzima kuna wazo limeniganda, haliniachi hata nikiwa kwenye foleni ya matatu: kwamba Mungu na ulimwengu si wawili. Hakuna Muumba huku na viumbe kule. Vyote vilivyopo ndiye yeye, nyota, mimi, na vumbi la Eastleigh.

Aliyelishikilia wazo hili bila kupepesa macho ni Baruch Spinoza, Myahudi wa Amsterdam. Mwaka 1656, akiwa na miaka 23, sinagogi lake lilimtenga. Akaishi kwa kusaga lenzi, na kitabu chake kikuu kikachapishwa 1677 akiwa ameshakufa. Albert Einstein alipoulizwa mwaka 1929 kama anaamini Mungu, alijibu kwamba anamwamini Mungu wa Spinoza, anayejidhihirisha katika mpangilio wa vilivyopo, si yule anayejishughulisha na matendo ya binadamu.

Wazo lina utamu wake, sikatai. Ule ugomvi wa Mungu ni wa nani, ambao mtaani kwetu huendeshwa kwa spika, unakosa hata pa kuanzia.

Ila kuna mahali Spinoza ananishinda. Anasema anayempenda Mungu hawezi kutaka Mungu naye ampende. Mungu huyo hana hasira, sawa, lakini hana sikio pia. Aprili 2024 Mto Mathare wa Nairobi ulipofurika ukabeba nyumba na watu, waliobaki ukingoni walimwita Mungu. Kama mto ni yeye, na waliosombwa ni yeye, walikuwa wakimwita nani? Spinoza angejibu kwamba mema na mabaya ni vipimo vyetu sisi. Huenda. Jibu hilo mimi siwezi kulipeleka matangani.

Shosho, yaani nyanya yangu, angeshangaa tunabishania nini. Wazee wa Kikuyu waliomba chini ya mugumo, mti wao mtakatifu, wakiwa wameelekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya. Hawakusema mti ni Ngai, Mungu wao, wala mlima ni Ngai. Lakini thubutu uukate mti huo! Na hofu hiyo haijaisha hata mjini: mwaka 2020, barabara ya juu ikijengwa, mugumo mkubwa wa Waiyaki Way ulikuwa ung'olewe. Watu wakapiga kelele, na Novemba serikali ikaamuru uachwe. Sidhani wote waliopiga kelele waliwahi kuomba chini ya mti wowote. Walijua tu kwamba pale pana zaidi ya mbao.

Kwa hiyo mimi niko upande wa Shosho: Mungu ameujaa ulimwengu, lakini ulimwengu haummalizi. Kaka yangu, mwalimu wa fizikia, anasema huko ni kutaka kula pande zote mbili. Jumapili anakuja, na mabishano yataanza kabla hajavua viatu. Nitachemsha githeri mapema, maana akiwa na njaa hakubali hoja ya mtu.