Nilivyoizunguka Viti Levu kwa basi, kikoi kiunoni

Kila niliyemwambia naenda Fiji alikuwa na ushauri wa kunipa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufika. Jirani akasema kule ni hoteli tupu, nikae kando ya bwawa la kuogelea mpaka siku ya kurudi. Binamu yangu akanitisha na bei za teksi. Ajenti wa tiketi, ambaye ndiye aliyenipandisha presha kuliko wote, alikuwa akisema "kisiwa cha Fiji", na akanikatia chumba Suva kwa usiku uleule ninaotua Nadi, saa moja baada ya ndege kushuka. Kwake yeye uwanja wa ndege na mji mkuu ni mlango kwa mlango.

Ramani angeifungua tu. Fiji ni nchi ya visiwa zaidi ya 300, na watu wanaishi kwenye kama 110. Ardhi yote ukiikusanya haifiki kilomita za mraba 18,300. Kilifi na Kwale zikiunganishwa zinaipita. Visiwa vikubwa ni viwili, Viti Levu wenye kama kilomita za mraba 10,400, na Vanua Levu ulio nusu ya huo na kidogo. Watu wote hawafiki milioni moja, na wengi wako Viti Levu. Sasa basi: uwanja mkuu wa ndege uko Nadi (wao hutamka Nandi, kama kaunti yetu), magharibi mwa Viti Levu. Suva iko kusini-mashariki, kilomita 190 hivi kwa barabara, na basi huchukua saa nne au zaidi. Chumba cha ajenti kililala peke yake usiku ule, na pesa zake nikazilipa mimi.

Lakini hilo lilikuwa dogo ukilinganisha na mambo ya Australia. Tiketi ilinipitisha Sydney. Nafika kaunta Nairobi, begi limeshapimwa, dada wa kaunta anafunua pasipoti ukurasa kwa ukurasa, anarudi mwanzo, anafunua tena.

"Viza ya kupitia Australia iko wapi, kaka?"

"Sishuki Australia, dada yangu. Nabadilisha ndege tu."

"Hata ya kubadilisha ndege."

Nikampigia ajenti. Akaniambia nimwombe yule dada vizuri. Jamani, nimwombe vizuri! Kumbe Mkenya anayebadilisha ndege Australia hutakiwa viza maalumu ya kupita. Ni bure, huombwa mtandaoni, ila si kitu cha kupata ukiwa umesimama kaunta na watu nyuma yako wanakohoa. Fiji yenyewe haikunidai viza ya kuomba mapema. Nilipigiwa muhuri palepale uwanjani. Mlango haukuwa tatizo, tatizo lilikuwa ukumbi wa kuelekea mlangoni.

Nikaketi sakafuni karibu na soketi, simu ikichaji, nikaanza kuitafuta njia mwenyewe. Hapa naomba nijisifu kidogo. Kila mtu anadhani Pasifiki huingiwa kwa Australia au New Zealand pekee. Nikagundua kuna ndege za Fiji Airways zinazotoka Singapore moja kwa moja hadi Nadi, saa kama kumi angani, na Singapore Mkenya hasumbuliwi. Nikabadilisha safari yote nikiwa pale sakafuni. Tofauti ya nauli iliniuma, sitaitaja hapa kwa sababu mke wangu husoma. Siku iliyofuata nilikuwa angani, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano mfukoni, maana anayetoka kwetu huulizwa.

Nadi walichokitazama kwa makini zaidi kuliko mimi ni chakula. Mama alikuwa amenifungia achari ya maembe na mabuyu. Niliviandika vyote kwenye fomu, na nawe uandike, faini zao si za mzaha. Afisa aliifungua pakiti ya mabuyu, akachukua moja kwa glavu, akaligeuza kwenye taa, kidole cha glavu kikawa chekundu. "Hii ni mbegu?" Ni mbegu, mzee. Yakaenda kwenye pipa. Achari ikapita.

Basi la Suva hupita barabara ya kusini, inayoitwa Queens Road. Basi nililolipanda halikuwa na makanga wala halikupokea noti: mwaka 2017 nauli iligeuzwa kuwa ya kadi, unaigusisha kwenye kimashine kando ya dereva. Watalii wawili mbele yangu walikuwa wakimpungia dereva dola kama wanaomfukuza nzi. Mimi nilikuwa nimeshapita dukani nikanunua laini ya simu, na macho yangu yakatua kwenye bango: M-PAiSA. Nilicheka peke yangu. Ndiyo, ni jamaa wa M-Pesa yetu, iko Fiji tangu 2010, na kwa hiyo hiyo unaongeza salio la kadi ya basi. Msichana wa duka akaanza kunieleza taratibu jinsi pesa inavyotumwa kwa simu. Nikamwacha amalize, kisha nikamwambia natoka Kenya. Nauli ya Nadi hadi Suva haikufika elfu mbili za kwetu.

Sasa hila yangu, na hii hutaambiwa na mtu. Ukiizunguka Viti Levu kwa kuanza Nadi kwenda Suva kwa kusini, halafu ukarudi kwa Kings Road ya kaskazini, bahari inabaki mkono wako wa kulia safari nzima. Kwa hiyo keti kulia. Na kuna utamu wa ziada: kule jua hukaa upande wa kaskazini, hasa mwezi wa Julai nilioenda mimi, kwa hiyo barabara ya kusini upande wa kulia ni bahari na kivuli pamoja. Waliokaa kushoto walifunika nyuso kwa magazeti mpaka Sigatoka. Kurudi kwa kaskazini mambo hugeuka, bahari na jua viko upande mmoja, hapo ndipo utachagua unalolipenda zaidi.

Karibu na Sigatoka utaona vilima vya mchanga ufukweni. Ni hifadhi ya taifa, ya kwanza nchini mwao, ya mwaka 1989, na mchanga ule umefukuliwa vigae vya vyungu vya walowezi wa kale kabisa. Pale ndipo alipopanda mzee aliyeketi nami. Akauliza natoka wapi. Nikajibu. Akanitazama kwa muda, uso haucheki.

"Singapore," akasema. "Injera."

Kama hufuati raga ya wachezaji saba: Aprili 2016, fainali ya Singapore, Kenya, Collins Injera akiwa uwanjani, iliichapa Fiji 30 kwa 7, na likawa taji letu la kwanza kabisa la msururu wa dunia. Huyu mzee alikuwa hajasamehe. Nikaanza kutabasamu, naye akainua kidole ningoje. Akatoa mfuko wa nailoni kwenye shati, ndani ya nailoni karatasi, ndani ya karatasi noti ya dola saba. Saba, hukusoma vibaya. Waliichapisha 2017 kwa heshima ya dhahabu ya Rio, medali ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya nchi yao, nahodha akiwa juu yake ameshika mpira. "Rio," akaniuliza, "nyinyi mlikuwa wapi?" Sikuwa na jibu. Alinishinda, akanigawia mhogo wa kuchemsha, tukawa marafiki mpaka Suva.

Kabla hamjafika Suva, anga hugeuka. Upepo wa kusini-mashariki hubeba maji ya bahari, ukagonga milima ya katikati (Tomanivi, mrefu kuliko yote, una mita 1,324) na kumwaga mzigo upande wa Suva. Magharibi hubaki kukavu, ndiyo maana miwa na hoteli za kitalii zimejazana kule. Waliopiga picha za kwenye matangazo hawakupiga Suva. Mwavuli nilinunua sokoni, na ukaondoka na upepo siku hiyohiyo. Vimbunga navyo msimu wake ni Novemba hadi Aprili. Msiende miezi hiyo kwa sababu tu tiketi imeshuka bei.

Tena, plagi. Umeme wao ni volti 240 kama wetu, lakini tundu ni zile za Australia, pini bapa zilizoinama. Chaja ya Kenya haiingii hata kwa dua. Adapta nilipata kwa duka la Mhindi kwa bei ya chai na sambusa. Wahindi ni wengi: Waingereza walileta vibarua kama 60,000 kati ya 1879 na 1916 kwa ajili ya mashamba ya miwa, na wajukuu wao wakabaki. Kwa mtu wa Mombasa hii ni neema. Roti, dali na vyakula vya halali havitafutwi kwa tochi. Na Wafiji wenyewe wanakula mhogo, majimbi, samaki wa tui, majani ya majimbi kwa tui, kila kitu kwa tui. Binamu yangu alinishauri nibebe biskuti.

Kutoka Suva nilikwenda Levuka, kisiwa cha Ovalau, basi mpaka gati la Natovi halafu feri kama saa moja. Huko ndiko kulikokuwa mji mkuu wa kwanza; huko ndiko machifu walikotia saini kuikabidhi nchi kwa Uingereza tarehe 10 Oktoba 1874, na uhuru ukaja tarehe hiyohiyo, 1970. Mlima umeubana mji mpaka ukingoni mwa maji, hauna pa kukua, ndiyo maana serikali ilihamia Suva. Tangu 2013 ni urithi wa dunia. Maduka ya mbao yametazama bahari kwa mstari mmoja, na mwisho wa barabara kuna kiwanda cha jodari cha makopo, harufu yake utaizoea ukitaka usitake.

Mwenye nyumba ya wageni akanipeleka kijiji cha Lovoni, katikati ya kisiwa, ndani ya shimo la volkano ya kale. Kijijini huingii mikono mitupu. Nilikuwa nimenunua Suva fungu la mizizi ya yaqona, yaani kava, imefungwa kwa gazeti. Unaiweka mbele ya mkubwa wa kijiji, haupokezani mkono kwa mkono kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Kofia vua, miwani ya jua vua, begi lisining'inie begani. Na magoti yafunikwe. Wageni wengine wawili waliazimwa sulu, shuka ya kufunga kiunoni. Mimi nilivaa kikoi changu cha Mombasa, chekundu chenye matamvua, nimekifunga kama tunavyofunga kwetu. Wazee wakakishika ncha, wakakigeuza, wakaulizana. Mmoja akataka tubadilishane palepale. Nilikataa siku hiyo, kesho yake nikatoa.

Kava husagwa, huchujwa kwa kitambaa ndani ya bakuli kubwa la mbao lenye miguu, huletwa kwa kifuu. Unapiga kofi moja, unasema bula, salamu yao, unabugia yote bila kupumua, unapiga makofi matatu. Ni mmea wa jamii ya pilipili manga, na rangi yake ni ya maji yaliyooshewa miguu. Mgawaji akaniuliza nataka maji kupwa au maji kujaa. Mtoto wa pwani huulizwi swali hilo hadharani. Nikasema kujaa. Akajaza mpaka yakatetemeka ukingoni. Kufikia duru zilizofuata ulimi ulikuwa umekufa ganzi, na nilikuwa nikisema "vinaka", asante yao, kwa lafudhi ya mtu aliyetoka kung'olewa jino. Kava haina pombe, niwatoe hofu mashekhe wangu. Usingizi wa usiku ule lakini sijawahi kuupata tena.

Usipange kusafiri Jumapili. Maduka yamefungwa, mabasi ya kuhesabu, kila mtu kanisani kwa sulu na tai. Nilikwama Levuka na nikafurahi kukwama, maana uimbaji wao unasikika mpaka gatini. Nikiamka pale saa kumi na mbili asubuhi nampigia mke wangu, kwake ni saa tatu ya usiku wa jana, akaona ninamsumbua makusudi.

Feri ya kurudi huondoka gizani, usiikose. Kutoka Suva nikapanda la Kings Road: Korovou, bonde la mto Wainibuka, halafu Rakiraki ambako bado waliniashiria misingi ya nyumba zilizokwenda na kimbunga Winston cha Februari 2016, kilichoua watu 44. Kisha Tavua, Ba, miwa tena, Lautoka. Nikawa nimefunga duara, na teksi sikupanda hata moja ila ya kwenda uwanjani.

Taveuni sikufika. Kisiwa hicho kinapitiwa na mstari wa longitudo ya nyuzi 180, na Waiyevo kuna kibao unachoweza kusimamia mguu huku na mguu kule, ingawa mstari wa kubadili tarehe wenyewe wameupindisha upite mashariki ili nchi nzima iwe siku moja. Feri kutoka Suva hulala baharini usiku kucha, inapitia Savusavu. Nauli nimeshaulizia.