Nilivyozisaka hatari za amonia kiwandani kwetu

Kila anayesikia nasimamia usalama kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza huniambia nitafute fomu ya kujaza. Ushauri huo umenichosha! Kabla yangu alilipwa mtaalamu, milioni kadhaa, akaleta jedwali nene la hatari alilonakili kiwanda kingine. Lilionya kuhusu boila, nasi hatuna boila. Baya zaidi, lilisema dimbwi la amonia limwagiwe maji. Ukimwaga, linachemka na wingu linaongezeka; maji ni ya kunyunyizia mvuke ulioko hewani.

Amonia ndiyo inayogandisha samaki wetu. Huchemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri na hupenda maji mno, hivyo ikivuja hukimbilia macho, koo na mapafu. Sehemu 300 tu kwenye milioni moja za hewa zinatishia uhai.

Nilitumia HAZOP, njia ya kusaka hatari kwa maswali, iliyozaliwa kwenye kampuni ya kemikali ya ICI, Uingereza, miaka ya 1960. Mnashika kipande kimoja cha bomba, mnaulizana: mtiririko ukikosekana? Ukizidi? Ukirudi nyuma? Kisha sababu, madhara na kinga iliyopo. Ofisini mafundi walikaa kimya, meneja yupo. Nikahamishia kikao chumba cha kompresa, zamu ya usiku, meneja kalala kwake. Midomo ikafunguka.

Mafuta ya kompresa ni mazito kuliko amonia ya kimiminika, hutuama chini ya tangi na lazima yatolewe. Koki yake ina springi: ukiiachia, inajifunga. Nilipomulika tochi nikakuta mpini umekazwa kwa waya wa kufungia nondo. Nikamuuliza fundi anayeyatoa:

"Mzee, waya huu wa nini?"

"Mwanangu, mafuta yanatoka kama asali ya baridi. Mkono unakufa ganzi. Ukiufunga mpini kwa waya, unakwenda kunywa chai."

Yakiisha mafuta, inayofuata ni amonia yenyewe, na mtu yuko kwenye chai! Waya niliukata palepale, ila barua ya onyo sikumwandikia. Ningemwandikia, nani angeniambia lingine? Tukampa mwenzake wa kupokezana, na sasa kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja.

Na lingine akanionyesha: kipande cha bomba kati ya koki mbili, ambazo zote hufungwa wakati wa kuyeyusha barafu kwenye koili. Amonia iliyonaswa humo ikipata joto hutanuka, haina pa kwenda, bomba linapasuka. Tukaweka valvu ya kupunguza presha, laki kadhaa pamoja na ufundi. Ukitaka kujua pa kuanzia, anza na koki zinazofungwa kwa mkono, si mashine kubwa zinazong'aa.

Ninachojivunia kuliko vyote ni upepo. Kibao cha mahali pa kukusanyika kiliwekwa upande wa ziwa, kwa kuwa mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku hugeuka. Zamu ya usiku ingekimbia moja kwa moja kuifuata gesi! Sasa vibao ni viwili, na juu ya paa kuna mfuko wa kuonyesha upepo wenye taa yake. Mfuko wenyewe kaushona fundi cherehani wa mtaani, kwa hela ndogo tu, na mazoezi ya dharura tunayafanya usiku pia.