Jina la Juu ya Karatasi

Novemba 2017 nilipangiwa vikundi vinne vya semina vya mwaka wa kwanza, somo la Stadi za Mawasiliano. Aliyewahi kulifundisha somo hilo katika vyuo vyetu anajua anachopokea: vijana waliosoma miaka saba kwa Kiswahili, wakaingia kidato cha kwanza wakakuta kila kitu kimegeuka Kiingereza, wakakariri ili wafaulu, na sasa wanatakiwa waandike insha ya kitaaluma. Walikuwa wakiniletea sentensi safi zisizo na mtu ndani. "Elimu ni muhimu kwa maendeleo." "Mawasiliano ni muhimu kwa binadamu." Kurasa na kurasa.

Nikaamua kuziweka kando mada za kwenye mtaala kwa wiki tatu. Wiki ya kwanza kila mmoja alete karatasi yoyote yenye jina lake: kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa, cha ubatizo, cha kidato cha nne. Tulizisoma kama tusomavyo makala. Nani kaiandika hii? Kamwandikia nani? Nini hakukiandika? Wiki ya pili waandike ukurasa mmoja juu ya jina hilo, kwa Kiswahili kwanza, halafu tusaidiane kuupeleka kwenye Kiingereza. Mwenzangu mmoja aliniambia nawapotezea muda vijana wa watu. Sikukubaliana naye, na hadi leo sikubaliani.

Maana darasa lilichangamka. Binti wa Rorya alieleza kwamba yeye ni Achieng kwa sababu alizaliwa jua likiwa utosini, na mdogo wake ni Atieno kwa kuwa alikuja usiku. Kijana wa Shinyanga akatueleza kwa nini ukoo wao umejaa akina Mabula na Kabula, watoto wa mvua. Mwingine, aliyepewa jina la Tabu, aliandika kurasa tatu badala ya moja, na alipozisoma kwa sauti hakuna aliyekohoa. Watu waliokuwa wakiniambia "mwalimu, sina cha kuandika" walikuwa wakiniomba karatasi za nyongeza.

Mmoja tu, aliyezoea kukaa karibu na dirisha, alileta sentensi tatu. Jina langu nilipewa na wazazi wangu. Ni jina zuri. Ninalipenda sana. Wiki iliyotangulia alikuja na cheti cha kidato cha nne, akakilaza kifudifudi mezani kipindi kizima. Nilimwona. Mimi niliyekuwa nikiwafundisha wenzake kusoma kisichoandikwa, hilo sikulisoma. Nilichukua kalamu nyekundu nikamwandikia pembeni: "Humu hamna mtu. Wewe uko wapi?" Kwa wengine maneno hayo yalikuwa yamesaidia, nikayarudia bila kufikiri.

Semina iliyofuata hakuja. Ya baada yake pia hakuja.

Alikuja ofisini jioni moja, wenzangu wameshaondoka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibu, kaa."

Hakukaa. Alitoa mfukoni karatasi nne za daftari zilizokunjwa, zimeandikwa Kiswahili pande zote mbili. "Naomba uzisome nikiwa hapahapa, halafu unirudishie."

Aliandika kwamba darasa la saba alimaliza kwa jina lake, hakuchaguliwa, na baba yake hakuwa na ada ya shule ya binafsi. Kurudia darasa kulikuwa hakuruhusiwi. Lakini katika shule ya kijiji cha pili kulikuwa na mtoto aliyeacha masomo, na jina lake lilikuwa bado limo kwenye rejesta. Watu wazima wakakaa, wakazungumza, wakaafikiana. Yeye hakuulizwa. Alihamishiwa kule akiwa na miaka 13, akaambiwa kuanzia Jumatatu ataitika jina lile. Wiki ya kwanza alichapwa mara mbili kwa kukaa kimya rejesta inaposomwa. Hakuwa amefanya ukaidi. Alikuwa amesahau kwamba anayeitwa ni yeye. Septemba akafanya mtihani. "Jina likafaulu," ndivyo alivyoandika, na nilirudi kuisoma sentensi hiyo mara ya pili.

Mwenye jina yupo hai. Anaendesha bodaboda, na kila likizo akimwona humpigia kelele toka mbali: "Wajina!" Hana kinyongo, anafurahi kweli. Mama mzazi hajawahi kumwita kwa jina lile hata siku moja. Kwa hiyo simu yake ikilia bwenini, kijana huyu hutoka nje kuipokea, wenzake wasije wakasikia anavyoitwa.

Ikumbukwe mwaka wenyewe. Aprili ile ile, pale Dodoma, Rais alikuwa amekabidhiwa ripoti ya watumishi wa umma 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Mitaani, kwenye daladala, maofisini, habari ilikuwa vyeti na majina. Mtoto huyu alisoma miezi yote hiyo akiwa na hofu hiyo kifuani. Nami nikamwekea wino mwekundu nikimuuliza yuko wapi.

Nilimwomba radhi. Sikuwa na uzoefu wa kumwomba radhi mwanafunzi, na sauti haikutoka vizuri. Kisha, kwa kuwa walimu hatuwezi kukaa bila kutoa ushauri, nikamwambia kuna hati ya kubadili jina, mtu anaapa mbele ya wakili, inasajiliwa, jambo linakaa kisheria.

"Naijua, mwalimu. Nilikwenda kuuliza. Ile hati inataka niape kwamba jina la kwanza nimelikana, silitumii tena." Akanyamaza kidogo. "Ndilo analoniitia mama."

Sikuwa na la kuongeza. Nilizirudisha karatasi kama alivyotaka. Hapo ndipo nilipogundua kwamba juu ya ukurasa wa kwanza, mahali ambapo tangu semina ya kwanza nilikuwa nikiwasisitizia waandike jina, aliacha patupu. Zilikuwa kurasa nane, na mkononi mwangu hayakuwa yamepita maandishi ya mwaka wa kwanza yaliyoandikwa vizuri kuliko hayo. Nilimwambia hivyo. Akauliza kama anaweza kuandika kazi nyingine kwa ajili ya alama, ile aitunze mwenyewe. Nikakubali.

Jumatano alirudi mahali pake dirishani. Nilifungua karatasi ya mahudhurio, nikasoma majina kama kawaida, mmoja baada ya mwingine wakiitika. Nilipofika kwenye mstari wake nilinyanyua macho, nikamtazama, naye akanitazama. Nikatia vema, nikasoma jina linalofuata.