Kauntabuku lililomfanya mwanangu aombe bamia

Mwanangu alikuwa na tabia ya kuchambua mchicha kwenye wali, jani moja moja kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele, anaupanga pembeni ya sahani alafu anaendelea na wali wake na samaki. Ana miaka minne. Nilivumilia mpaka choo kikaanza kuwa kigumu, kila akienda analia, tukaenda kliniki sista akasema kabla hatujafika kwenye dawa huyu anahitaji maji, matunda na mboga za majani. Nikamwambia sista mboga napika kila siku, ila anayekula ni mimi.

Mwenzangu mmoja kazini ndo akaniambia jaribu vitabu vya hadithi. Nikashuka Posta kwa wale wanaopanga vitabu vya mtumba chini, nikapata kimoja cha Kiingereza kwa buku mbili, mboga zimechorwa zina macho na miguu, kizuri kweli. Kila usiku namsomea kwa Kiswahili na alikipenda sana, shida ni kwamba mboga yenyewe ya kwenye hadithi ni brokoli, kwa hiyo akaanza kuniomba brokoli! Sasa huku Mbagala brokoli naitoa wapi, ipo supamaketi za mjini na hela ya kichwa kimoja nanunua mafungu ya mchicha ya siku kadhaa. Na mchicha uliopo mezani haumo kwenye kitabu, so kwake ukabaki kuwa majani tu.

Nikatafuta cha Kiswahili. Nikapata kimoja, mboga ni za kwetu kabisa, ila kila ukurasa ni kula hiki upate damu, kula hiki upate nguvu. Tulipofika ukurasa wa tatu akakifunga akasema, "Mama, hiki ni cha kunisema." Na kweli, nilivyokirudia mwenyewe nikasikia sauti yangu ya mezani mle ndani.

Hapo nikafanya kosa ambalo mpaka leo linaniuma. Nikamwambia ukila karoti utaona gizani kama paka. Akala siku mbili, ya tatu umeme umekatika usiku akaamka kujaribu macho yake, akagonga mguu wa meza akapasuka mdomo. Ni kweli mtoto mwenye upungufu wa vitamini A anapata shida ya kuona kwenye giza, na karoti na viazi lishe, vile viazi vitamu vya rangi ya chungwa ndani, vinasaidia kuipata, lakini mtoto ambaye hana upungufu huo haongezewi macho na karoti. Miezi karibu mitatu hakugusa karoti, na alikuwa na haki, nilimdanganya.

Alafu siku moja nakatakata bamia yeye yupo pembeni yangu, akaokota kipande akaniambia mama nyota! Kweli, ukikata bamia kwa kukingamisha kinatoka kitu kama nyota ya pembe tano. Nikamchanganyia rangi za maji kwenye kifuniko, akawa anachovya na kugonga kwenye kauntabuku langu la zamani, ukurasa mzima ukajaa nyota za kijani na nyekundu. Usiku akataka hadithi ya zile nyota. Nikaitunga palepale, Bamia anateleza hakamatiki, kuku kamkosa, paka kamkosa, bibi kamshika na leso kateleza tena. Sikuweka neno hata moja la kula. Yeye mwenyewe ndo akauliza, "Akiingia mdomoni atateleza mpaka wapi?" Nikamwambia sijui.

Kesho yake mchana akataka kujua. Akameza kipande kimoja, macho yamemtoka, akashika tumbo anafuatilia. Mi sikupiga makofi wala sikusema hongera, nikaangalia sahani yangu tu japo moyo ulikuwa unadunda. Akachukua cha pili.

Tangu hapo tukaanza kujaza lile kauntabuku. Matembele likawa dada anayependa kutambaa, maana ndivyo linavyotambaa chini kweli. Boga akawa mama mkarimu anayegawa kila alichonacho, majani yanapikwa, maua yanapikwa, boga lenyewe linachemshwa na mbegu zinakaangwa, huo ukurasa tumeurudia mpaka karatasi imechoka. Mama wa genge alimwonyesha kumenya zile nyuzi za majani ya maboga, saivi hiyo ni kazi yake hataki mtu aishike. Bibi yake yupo Tanga nae hakubaki nyuma, anatuma voisi ya WhatsApp, "Paukwa!" mtoto anajibu "Pakawa!" alafu anasikia kisa cha kunde. Kwenye ndoo ya rangi tumepanda mchicha, baada ya wiki kama nne tukaukata, na ule wa ndoo hakuuchambua kwenye wali.

Msidhani ilikuwa haraka. Matembele nilikuwa napiga alama nyuma ya daftari kila ninapompa akakataa, zimefika kumi na moja, ya kumi na mbili akala. Nilishasoma kwamba mtoto anaweza kuhitaji kuonja kitu mara kumi au zaidi kabla hajakizoea, ndo maana sikukata tamaa. Kijiko kimoja tu, akikataa natoa, hakuna kelele.

Saivi siku mbili kwa wiki hatuweki samaki wala nyama, ni wali, kunde za nazi na matembele, nakamulia ndimu juu kwa sababu vitamini C inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na kunde, na chai nimeihamisha mbali na chakula kwa sababu inazuia. Choo kimekuwa laini, halii tena.

Kwa ambaye hawezi kutunga, kuna tovuti inaitwa African Storybook, wana hadithi nyingi za Kiswahili bure, unaweza kudaunlodi ukaprinti, na hata ya kwako unaweza kuitengeneza mle. Chagua zenye vitu ambavyo mtoto atavikuta gengeni kwenu. Hilo nalisisitiza jamani, akifunga kitabu akutane na huyo mhusika jikoni.

Karoti ameirudia mwenyewe, mbichi, hataki ya kupikwa. Nyanya chungu ndo bado. Tumemwandikia kurasa mbili na anasema huyo hajawa rafiki yake. Jana kaniambia ukurasa wa tatu Nyanya Chungu apande basi aende Tanga kwa bibi, nimeshachora basi, leo jioni tunapaka rangi.