Ufunguo wa herufi 36 ulivyonitoa jasho

Jedwali la malipo nililiunda mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Ni kanzidata ya MySQL, injini ya InnoDB (sehemu inayohifadhi data), na ufunguo wa msingi, yaani kitambulisho cha kila mstari, niliuweka UUID, namba ndefu isiyojirudia, toleo la 4, ile ya kubahatisha, kama maandishi ya herufi 36. Nilitaka simu za mawakala zijitengenezee namba hata zikiwa hazina mtandao, bila kugongana. Sababu haikuwa mbaya. Mistari ikiwa laki mbili, kila kitu kiliteleza.

Ilipofika milioni 40, mwisho wa mwezi ukawa msiba. Malipo yanaingia kwa kusuasua, diski ya seva haipumui, na dada wa uhasibu kasimama mlangoni, mkoba begani: "Mdogo wangu, hii ripoti inatoka leo au niende zangu?"

Kwa kiwewe nikaongeza indeksi mbili, zile orodha za kuharakisha utafutaji. Ripoti haikupata nafuu, uingizaji ukazidi kuwa mzito. Kumbe EXPLAIN, amri inayoonyesha kanzidata inavyotafuta data, ilishaniambia tangu mwanzo kwamba ripoti inatumia indeksi sawasawa. Ugonjwa ulikuwa kwenye kuandika. Halafu aibu nyingine: innodb_buffer_pool_size, kumbukumbu inayotengewa InnoDB, ilikuwa bado megabaiti 128, vilevile ilivyokuja. Nikaipandisha hadi gigabaiti 8, tukapumua wiki mbili, mambo yakarudi yale yale.

InnoDB huipanga mistari yenyewe kwa mfuatano wa ufunguo wa msingi, katika kurasa za kilobaiti 16. Namba ikiwa ya kupanda, mstari mpya unakwenda mwisho. Ikiwa ya kubahatisha, unaweza kuangukia ukurasa wowote. Fikiria daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni, kila anayepanda hataki kusimama mlangoni, anadai akae katikati ya fulani na fulani. Ukurasa uliojaa unapasuliwa viwili, kila kimoja kinabaki na nafasi kibao, na mara nyingi ukurasa wenyewe haumo kwenye kumbukumbu, mpaka ufuatwe diskini.

La pili ndilo lililoniuma zaidi. Kila indeksi ya ziada hubeba nakala ya ufunguo wa msingi. Nilipiga hesabu nyuma ya risiti ya chipsi: baiti 36 mara milioni 40 ni gigabaiti 1.44. Jedwali na indeksi zake nne ni nakala tano, gigabaiti 7.2 za funguo tupu! BIGINT, yaani namba nzima ya kawaida, ni baiti 8. Nakala tano zinakuja gigabaiti 1.6.

Basi nikaunda jedwali jipya: BIGINT inayojiongeza kama ufunguo wa msingi, na UUID ikabaki safu ya kawaida ya BINARY(16), yaani baiti 16 badala ya 36, yenye indeksi ya kipekee, maana simu za mawakala bado zinaihitaji. UUID mpya zinatengenezwa kwa toleo la 7, linaloanza na muda, kwa hiyo nazo zinapanda kwa mpangilio.

Kuhamisha mistari nilianza vibaya. Nilitumia LIMIT na OFFSET, yaani ruka mistari kadhaa kisha chukua fungu, na kila fungu likawa la polepole kuliko lililotangulia, kwa kuwa kanzidata inahesabu upya mistari yote inayoiruka. Nikabadili, nikahamisha siku moja baada ya nyingine kwa indeksi ya tarehe. Bahati yetu malipo hayahaririwi, kosa husahihishwa kwa mstari mpya, kwa hiyo siku iliyokwisha haibadiliki tena. Jumapili usiku nikasimamisha uingizaji, nikamalizia mistari ya siku ile, nikalinganisha idadi na jumla ya fedha mara mbili, kisha RENAME TABLE ikabadilisha majina kwa mkupuo. Mikono ilikuwa baridi.

Mwisho wa mwezi uliofuata dada wa uhasibu aliondoka na ripoti yake kabla ya saa kumi.

Zile indeksi mbili za kiwewe niliziona kwenye sys.schema_unused_indexes, orodha ya MySQL ya indeksi zisizotumika, hakuna anayezigusa. Moja nimeifuta. Nyingine nimeificha tu kwa INVISIBLE, kwa woga. Wiki ya tatu hii, hakuna aliyepiga simu.