Nilivyoufuata Ukoo wa Eleanor wa Aquitaine kwa Upande wa Mabinti

Majedwali mengi ya nasaba za wafalme wa Ulaya wa Zama za Kati hushuka kutoka kwa baba hadi kwa mwana, na mabinti huachwa pembeni. Nilipotaka kujua ni nani hasa alikuwa ndugu wa nani katika karne ya 12 na ya 13, nilimweka juu ya karatasi Eleanor wa Aquitaine, aliyekuwa malkia wa Ufaransa na baadaye wa Uingereza, kisha nikashuka kupitia mabinti aliozaa na Henry II, mfalme wa Uingereza.

Kwa kuwa majina kama Eleanor, Henry na Louis hurudiwa kila kizazi, kila mtu nilimwandikia wazazi wake na mwaka wa ndoa yake. Matilda, aliyeolewa Saxony, alimzaa Otto IV, aliyetawazwa kaisari mwaka 1209. Joan aliolewa na William II wa Sisilia mwaka 1177. Nilikaa zaidi kwa Eleanor mdogo, mke wa Alfonso VIII, mfalme wa Castile katika Hispania ya leo. Binti yake Berenguela alimzaa Ferdinand III wa Castile, na mdogo wake Berenguela, Blanche, alimzaa Louis IX wa Ufaransa. Kwa hiyo wafalme hao, ambao Kanisa liliwatangaza wote kuwa watakatifu, walikuwa watoto wa mtu na mdogo wake. Tena Blanche alifuatwa Castile mwaka 1200 na bibi yake mwenyewe, Eleanor wa Aquitaine, ambaye akiwa amepita umri wa miaka 70 alivuka milima ya Pyrenees ili mjukuu huyo aolewe na mwana wa Philip II, mfalme wa Ufaransa, na ndoa hiyo itie nguvu mapatano ya Philip na John, mfalme wa Uingereza na mjomba wa Blanche. Kwangu, safari hiyo ina uzito kuliko vita vingi vya wakati huo.

Karatasi hiyo ndiyo iliyonieleza suala la Gascony, eneo la kusini-magharibi mwa Ufaransa ya leo lililokuwa mikononi mwa wafalme wa Uingereza. Alfonso X, mwana wa Ferdinand III, aliidai nchi hiyo kwa hoja kwamba Eleanor mdogo, ambaye yeye Alfonso alikuwa kitukuu chake, alikuwa amepewa alipoolewa. Mwaka 1254 aliyaacha madai hayo, na dada yake, Eleanor mwingine, akaolewa na Edward, mrithi wa Uingereza. Edward alikuwa kitukuu cha Eleanor wa Aquitaine, na bibi harusi alikuwa kilembwe chake.